Waya wa Ghorofani

Katika hadithi za upelelezi mimi sijawahi kushindwa: mwenye kosa huwa namjua wakati wengine bado wanatafuta miwani. Kusema kweli, huwa naanzia ukurasa wa mwisho. Hii naisimulia kwa mpangilio wake, maana ndani yake mna marehemu, na marehemu harukwi kama kurasa.

Jumamosi, saa nne asubuhi, mama mwenye nyumba alivuta kiti mbele ya kompyuta ya sebuleni, akajifunika shali yake vizuri, akamwambia mkwe wake, "Haya, mama. Leo nina moyo. Niwekee ile sauti ya mwisho ya mzee."

Alikuwa mjane wa mwaka mmoja. Mumewe aliugulia hapo hapo sebuleni, na kila alasiri mkwe, fundi wa nguo na mke wa mwana wao wa pekee, alimsogezea maikrofoni ya kompyuta azungumze apendavyo: namna ya kunyoosha mlango uliopinda, majirani waliohama bila kurudisha nyundo. Siku aliyofariki alikuwa anazungumza vilevile. Dawa ikaisha, mkwe akakimbilia duka la dawa, kompyuta akaiacha inanasa. Aliporudi, mzee alikuwa ameshakata roho. Mama siku hiyo alikuwa safarini, anamuuguza dada yake. Alipofika, mwana alimwambia kwamba alikuwa kando ya baba yake mpaka dakika ya mwisho. Mkwe hakuongeza neno. Na rekodi ile, tangu hapo mpaka wiki hii, hakuna aliyeomba kuisikia.

Mkwe akafungua folda iliyoandikwa BABA. Sauti zote zilikuwepo isipokuwa moja. Ya mwisho.

"Kompyuta hii anaikalia nani?" mama akauliza.

"Mimi, mama."

"Basi."

Mwana alikuwa amesimama kwenye ngazi. "Atakuwa ameifuta akisafisha michoro yake ya mishono," alisema. "Nilishamwonya."

"Kwa mume wangu nilibakiwa na sauti tu," mama akasema polepole. "Na sauti yenyewe umeitupa. Adhuhuri isikukute hapa. Rudi kwa wazazi wako."

Mkwe alimtazama mumewe, akainuka, akaenda kutoa begi.

Ndipo akaingia shangazi, dada wa marehemu, ambaye naye alialikwa kuja kusikiliza. Alikuwa amestaafu kazi ya kuunganisha simu, na mtaani walimwita Swichibodi. Kompyuta alikuwa hajui hata kuizima bila kuiomba radhi.

"Wifi," alisema alipokwisha kuelezwa, "nyumba ni yako, mfukuze umtakaye. Lakini mimi nimekuja kumsikia kaka yangu na sijamsikia. Nipe mpaka hiyo adhuhuri."

Akamkalisha mkwe mbele ya kompyuta.

"Umeifuta?"

"Sijaifuta, Shangazi."

"Ukifuta kitu, kinakwenda wapi?"

"Kwenye pipa la taka. Hili hapa."

Pipa lilipofunguliwa lilikuwa limejaa pomoni: magauni, kola, mikono ya mashati, vitu vilivyofutwa tangu mzee yuko hai. Rekodi haikuwemo.

"Pipa hili linamwagwa lini?"

"Sijui hata linamwagwaje."

"Mtu anaweza kufuta bila kupitia pipani," mwana akadakia. "Kuna vitufe viwili unavibonyeza pamoja. Au..." Akauma maneno.

"Au nini?"

"Au basi, Shangazi."

Shangazi hakumbana. Alisema tu, "Kompyuta nyingine mnayo?"

"Yangu, ghorofani," mwana akajibu. "Nzee kama hii."

Wakapanda. Waya wa buluu ulifuata ukingo wa ngazi, umepigiliwa misumari midogo kwa mkono wa marehemu mwenyewe. Shangazi aliipapasa ile misumari mmoja mmoja kabla ya kusema.

"Huu waya wa nini?"

"Kompyuta zilikuwa zinaonana. Faili ya chini unaifungua juu, ya juu unaifungua chini."

"Kama simu ya ndani."

"Kama hiyo. Ila hazijaonana tangu msiba. Nimelinganisha majina ya kundi, nimezima ulinzi, nimeziwasha upya. Kompyuta za zamani zikigoma zimegoma."

"Umezibembeleza?"

Shangazi aliinama, magoti yakalia, akachungulia nyuma ya kompyuta. Waya ulikuwa umelala sakafuni. Aliuokota, akaukagua mdomo wake: kile kilimi cha plastiki cha kubania kilikuwa kizima. Akauchomeka. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Akauvuta, haukutoka. Akauvuta kwa nguvu. Kompyuta ndiyo iliyosogea. Ulitoka tu alipokibonyeza kilimi kwa ukucha.

"Huu haudondoki, mwanangu. Huu unachomolewa."

"Labda panya."

"Panya wa humu wana kucha ndefu." Akaiangalia mashine iliyokuwa pembeni. "Na printa? Chini mna nyingine?"

"Hapana, ni hii tu."

Waliposhuka ilikuwa imekaribia saa sita. Juu ya cherehani palikuwa na mchoro wa gauni, karatasi nyingi zilizounganishwa kwa pini. Mkwe alikuwa anafunga begi.

"Karatasi hizi umezichapia wapi?" Shangazi akamwuliza.

"Nabonyeza hapa chini, zinatoka juu."

"Lini?"

"Juzi Alhamisi, mteja alipokuja kupimwa."

"Alinipa kwenye flashi," mwana akasema haraka. "Akapanda nayo mwenyewe, nikamchapia."

Mama, aliyekuwa ameelekea dirishani muda wote, aligeuka. "Nani alipanda? Mimi nilikuwa nimekaa hapa naye, anabonyeza. Wewe ndiye uliyeshuka na karatasi mkononi, nikakwambia usizikunje."

Zipu ya begi ikaachwa katikati.

"Kwa hiyo Alhamisi zilikuwa zinaongea," Shangazi akasema. "Leo waya uko sakafuni, na mimi naambiwa tangu msiba."

Mwana alikaa kwenye ngazi. "Nimeuchomoa mimi, jana. Na rekodi nimeifuta mimi. Ukifutia juu, haiendi kwenye pipa la chini. Mama, Alhamisi usiku ulisema unataka kuisikia, nikaona utaumia. Baba aliteseka."

"Uliisikiliza?" Shangazi akauliza.

"Hata sekunde moja. Nilikuwepo, naisikiliza ya nini?"

"Na mkeo ukamwacha afungashe."

Kisha Shangazi akaendelea kwa upole.

"Jambo moja halijaniingia. Ukishafuta, waya umekukosea nini? Kilichofutwa hakionekani, waya uwepo usiwepo. Waya unachomolewa ili walio chini wasione kilichoko juu. Baba yako ulishindwa kumfuta, mwanangu. Umemhamisha."

Alipanda mwenyewe, safari hii bila kupumzika njiani, akauchomeka waya. Chini, mkwe alimtazama kwanza mumewe, halafu mama, halafu akabonyeza. Kompyuta ile ya zamani ilijivuta weee, kisha alama ya kompyuta ya juu ikatokea kwenye kioo. Ndani yake folda isiyo na jina. Ndani ya folda, faili moja.

"Mama, usiifungue," mwana akasema. "Alichosema nilikwambia. 'Mwambie mama yako nimeridhika naye.'"

"Maneno hayo nimelala nayo na kuamka nayo mwaka mzima. Nataka kuyasikia kwa kinywa chake. Weka, mama," akamwambia mkwe.

Spika zilikwaruza. Mzee akakohoa, akamaliza habari za mlango uliopinda. Ikasikika sauti ya mkwe: "Narudi sasa hivi, baba." Mlango ukafungwa. Kisha kimya, na pumzi nzito.

"Mwanangu," mzee akaita.

Kimya.

"Mwanangu, uko juu? Niletee maji."

Mama hakugeuza shingo. "Hapo ulikuwa wapi?"

"Jikoni, mama. Nilikuwa namchotea hayo maji."

Mzee aliita tena, kwa sauti ya chini zaidi, na tena, mpaka wito ukawa pumzi tu. Pumzi nayo ikaacha kusikika. Mkwe alinyoosha mkono azime, mama akamzuia. Shangazi alikuwa ameegemea ukuta, macho amefumba.

"Na hapo?"

"Hapo nilikuwa nimepiga magoti kando yake. Alininong'oneza, maikrofoni haikuweza kunasa. Nilimshika hivi, mama. Kwa mikono miwili, hivi."

Kwenye spika mlango ulifunguliwa. Funguo zikawekwa mezani. "Baba, nimerudi," sauti ya mkwe ikasema. "Baba?" Halafu akamwita mumewe, akamwita tena kwa kilio, na kwa mbali viatu vikashuka ngazi mbiombio, vikasimama, na sauti ya mwana ikasikika wazi kabisa, inahema:

"Kuna nini? Nilikuwa juu, hedifoni masikioni, sijasikia kitu."

Mama alilivuta begi la mkwe, akaliweka nyuma ya kiti chake mwenyewe. Mwana alikuwa bado amenyoosha mikono miwili, anaonyesha jinsi alivyomshika baba yake.