Kilichokuwa Kati ya Maji na Ukuta

Tangi lilikuwa tupu, na bado ukuta wake ulikuwa unapinda.

Nukta aliutazama mchoro kwenye kompyuta, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. Ukuta ulikuwa umepinda vilevile. Si sana, unene wa ukucha tu. Lakini tangi lisilo na tone la maji halina cha kulisukuma, na kisichosukumwa hakipindi. Hilo halihitaji shahada.

Ofisini walimwita Nukta kwa sababu hakuna nukta ya desimali iliyowahi kumponyoka. Kazi yake ilikuwa kuyajaribu majengo kwa hesabu kabla watu hawajayaamini. Aliuchukua mchoro wa tangi, akaukatakata kuwa pembetatu ndogondogo kama matundu ya wavu, kisha kompyuta ikaiuliza kila pembetatu: maji yanakusukuma kiasi gani, nawe unapinda kiasi gani? Majibu yakipatana, hesabu hutulia. Yasipopatana, namba huvimba na kuvimba mpaka mashine yenyewe inanyoosha mikono. Tangi hili lilikuwa la kulisha mtaa mzima. Lilishajengwa kilimani, saruji imekauka, linasubiri sahihi yake tu. Na hesabu ilikuwa imekataa kutulia kwa siku tisa.

Alishajaribu kila kitu. Alikagua vipimo, labda mtu kachanganya mita na sentimita. Akapunguza hatua za muda, akawa anayasogeza maji kwa sehemu ya elfu ya sekunde. Akayajaribu maji peke yake, ndani ya ukuta usiopinda, yakatulia kama maziwa kikombeni. Akaujaribu ukuta peke yake, ukasimama kama askari. Alipoviunganisha, namba zikalipuka, na kila mara mahali palepale, upande wa kaskazini, kimo cha kifua cha mtu. Maji hayakuwa na kosa, ukuta haukuwa na kosa. Kosa lilikaa katikati yao, pale vinapogusana. Ndiyo maana Jumatatu ile aliyaondoa maji yote, abaki na ukuta na hewa, aone.

Mkurugenzi alipita nyuma ya kiti chake akamwambia, bila kupunguza sauti, kwamba kompyuta haikosei, anayekosea ni anayeilisha. Wenzake wakainamia meza zao. Haukupita muda simu ikalia, na aliyepiga alikuwa msimamizi wa ujenzi kule kilimani, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa pia shemeji yake, mdogo wa mume wake. Huyu hakuwahi kumkubali. Alimwambia kwamba anaichelewesha kazi kwa makusudi ili yeye aonekane amejenga ovyo, na kwamba kaka yake aliambiwa mapema asioe mwanamke anayejua sana. Nukta akakata simu.

Kanuni ya kazi yake ni moja: ukishuku mahali, kaza wavu. Mchana huo, wenzake walipokwenda kula, aliyakaza matundu pale ukuta ulipopinda. Mpindo uliokuwa bonge moja ukagawanyika sehemu tano. Akakaza tena. Zile tano zikawa na vifundo. Akakaza mara ya tatu, na sasa harufu ya tope bichi ilikuwa imejaa chumbani ingawa madirisha yalikuwa yamefungwa na nje jua lilikuwa linachoma, na feni ya kompyuta ilikuwa haivumi tena bali inavuta, inaachia, inavuta, kama mtu aliyelala kifudifudi, na kwenye kioo, mstari baada ya mstari, kikajichora kiganja cha mkono chenye mikunjo yake yote, kimeukandamiza ukuta kutoka ndani kama anavyoukandamiza mlango mtu aliyefungiwa. Akazima hesabu. Hesabu ikazimika. Kidole cha kati kikakunjuka.

Alitoka ofisini bila mkoba.

Kule kilimani shemeji yake alimpokea kwa kejeli, akamuuliza kama leo amekuja kupima saruji kwa rula. Nukta alihesabu hatua upande wa kaskazini, akasimama mbele ya ukuta.

"Weka mkono hapa, shemeji."

"Niweke nini?"

"Weka tu. Ukiona hakuna kitu, kesho natia sahihi."

Akaweka, huku anacheka. Nukta aliuona mkono wa shemeji yake ukivutwa kidogo, nyama ikibonyea kwenye saruji, na mkono ule haukurudi.

"Shemeji," alisema kwa sauti ndogo ambayo Nukta hakuwahi kuisikia kwake. "Kimenishika."

"Usivute."

"Kina baridi. Kinanipapasa, kinahesabu vidole vyangu."

Walisimama hivyo, Nukta amemshika shemeji yake kiunoni, mpaka kile kitu kilipomwachia chenyewe. Ukuta ulikuwa mkavu. Mkono ulikuwa unadondosha maji.

Ndipo shemeji alipokaa chini akasema lililokuwa moyoni. Walipochimba msingi walikuta chemchemi. Aliomba tangi lisogezwe, mkurugenzi akakataa, akaamuru izibwe kwa zege. Siku tatu mfululizo chemchemi ililitema lile zege asubuhi, vipande vimepangwa kandokando ya shimo kama vyombo vilivyooshwa. Siku ya nne walishindilia mawe kwanza. Likashika. Na wakati linashika, alisema, walisikia kitu chini kinapiga, na yeye ndiye aliyewasha mashine ya kuchanganyia ili vibarua wasikie kelele hiyo badala yake.

Mganga waliyemleta alikuwa mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali, aliyetibu watu kwenye chumba cha nyuma cha duka la viatu. Aliingia tangini kwa kile kidirisha cha mafundi, saa sita mchana, akakaa humo nusu saa. Alipotoka, sketi yake ilikuwa imelowa mpaka magotini.

"Mwenye chemchemi hana ugomvi na maji wala na ukuta," alisema. "Ana ugomvi na aliyemfungia mlango. Toboeni sakafu, mumwache siku saba atoke kwa hiari yake. Mara ya kwanza mlimfungia kwa kutojua. Ya pili yatakuwa makusudi, na hapo msiniite."

Vibarua waligoma. Shemeji aliitoboa sakafu mwenyewe, akijua kabisa ni kibarua chake kinachoota nyasi. Tundu lilipopenya, pumzi ndefu ilipanda kutoka chini, ikamzunguka, ikamnusa shingoni, kisha ikarudi shimoni na maji yakaanza kuchuruzika. Jioni hiyo Nukta aliirudia hesabu: kwenye ukuta kulikuwa na vidole vinne. Kesho yake vitatu. Siku ya tatu viwili. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, shemeji yake alimpigia simu kumuuliza kama amekula.

Siku ya nne mkurugenzi alipanda kilimani, akaona sakafu. Aliwafukuza kazi wote wawili palepale, akaita mafundi wengine, na tundu likazibwa kwa zege mara mbili ya lile la kwanza. Nukta alipokwenda kukusanya vitu vyake aliomba dakika moja ya kompyuta. Vidole vilikuwa vitano tena. Lakini sasa mkono haukusukuma. Ulikuwa umepenya ukuta, kucha zimeukamata kwa nje, na namba zote zilizokuwa chanya zilikuwa hasi.

Alikwenda mlangoni kwa mkurugenzi. "Usilijaze," alimwambia. "Nakuomba. Halisukumi tena nje, linavuta ndani."

"Toka," mkurugenzi akamjibu bila kuinua macho.

Pampu zilisukuma maji siku mbili. Mita ilionyesha tangi limejaa, kisha ikaonyesha limejaa mara mbili, na kwenye mabomba ya mtaa hakuna kilichofika. Mkurugenzi akatukana kila aliyekuwepo, akapanda ngazi mwenyewe, akafunua mfuniko, akainama kuchungulia. Mafundi walisema alisema, "Mbona pakavu?" na baada ya hapo ukuta ulijikunja kuelekea ndani taratibu, kama mtu anayefumba kiganja. Halikumwagika tone. Walifukua wiki nzima. Walipata ngazi tu.

Siku ileile ukuta ulipojikunja, shemeji alikuja nyumbani kwa Nukta, akakaa sebuleni karibu na kaka yake. Nukta akampigia mganga, akaweka simu mezani wote wasikie. Mganga hakumpa pole. Aliuliza swali moja tu, ukuta umeangukia wapi, nje au ndani.

"Ndani," Nukta akasema.



"Basi hajatoka," alisema. "Amejifunika. Safari hii mlango kaufunga mwenyewe."