Ndege Nyekundu ya Keshero

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Théoneste na rafiki yake Grégoire walishughulikia sungura wao. Wote wawili walikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na nyumba zao pale Keshero, kando ya mji wa Goma, zilitenganishwa na ua wa mawe meusi tu. Vibanda vya sungura vilikuwa nyumbani kwa Théoneste, lakini sungura walikuwa wa wote. Grégoire alikata majani, Théoneste aliteka maji ziwani na kusafisha vibanda, na Jumamosi mmoja wao alipeleka sungura wawili watatu sokoni. Kazi hiyo waliifanya mwaka mzima na nusu bila kujinunulia hata andazi, kwa kuwa walitamani kitu kimoja tu: ndege.

Si ndege ya kupanda. Mwaka huo wa 1957, fundi mmoja Mzungu wa uwanja wa ndege alikuwa akirusha ndege ndogo za mbao nyepesi kila Jumapili, akiziongoza kutoka chini kwa kisanduku cha redio. Watoto wa Goma walijazana kumtazama. Fundi huyo aliporudi kwao, alimwachia karani wake, Papa Julien, ndege mbili na kisanduku kimoja, akamwambia aviuze.

Wavulana walikwenda kwa Julien baada ya masomo, pesa zao zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa. Julien alizipanga ndege zote mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa na mabawa marefu na mapana yenye viraka vya karatasi, na motor, yaani injini yake, ndogo kama kidole gumba. Ya pili ilikuwa nyekundu, mabawa yake mafupi, na motor yake kubwa mara mbili ya ile nyingine. Kisha akawaeleza kazi ya kisanduku. Kilikuwa na kitufe kimoja tu. Ukibonyeza mara moja, ndege inapinda kulia, ukibonyeza mara mbili, inapinda kushoto, ukiacha, inanyooka. Breki hakuna. Motor huzima mafuta yakiisha.

"Kwa mutu anayeanza, ni hii ya viraka," alisema. "Inakwenda polepole. Ukikosea, inakupa nafasi ya kufikiri. Ile nyekundu haimungoji mutu. Tena hii bei yake ni ndogo, na pesa itakayobaki mutanunua betri. Hizi zilizomo zimechoka, na ndege isiyosikia redio ni sawa na jiwe lililotupwa."

Grégoire alikubali papo hapo. Lakini macho ya Théoneste yalikuwa yameganda kwenye ile nyekundu. Aliwaza jinsi wenzake wa darasani watakavyovicheka vile viraka. Nyekundu ingemaliza pesa yote, hata ya betri isingebaki, naye alilijua hilo.

"Mumesharusha ndege ya redio hata mara moja?" Julien aliuliza.

Grégoire alifungua mdomo, lakini Théoneste akamtangulia. Alisema kwamba yule fundi alimfundisha Jumapili nyingi, kwamba amekwisha kupinda kulia na kushoto na hata kutua. Akaongeza kwamba baba yake atanunua betri Jumatatu. Maneno yalimtoka kwa urahisi mpaka yeye mwenyewe akashangaa. Julien aliwatazama wote wawili. Grégoire aliangalia vidole vya miguu yake. Mwishowe Julien alikubali, ila aliwaomba wamngoje Jumapili ya pili ili awepo wakati wa kurusha.

Hawakumngoja. Jumapili ya kwanza tu, baada ya misa, walikwenda kwenye malisho yaliyo karibu na ziwa wakiwa wawili peke yao. Théoneste alisimama na kisanduku, betri zikiwa zilezile zilizochoka. Grégoire aliinua ndege juu ya kichwa, motor ikilia kama nyuki waliochokozwa, akaisukuma hewani.

Ilipaa. Kwa muda mfupi Théoneste alihisi kwamba sungura wote wale, na maji yote yale aliyoyabeba, havikwenda bure. Akabonyeza mara moja. Ndege ikapinda kulia. Akaachia, lakini haikunyooka. Akabonyeza mara mbili; haikubadilika kitu. Alibonyeza mpaka kidole kikauma, nayo ndege ilizidi kuzunguka, kila mzunguko ukiwa chini kuliko uliotangulia. Grégoire alikuwa akikimbia chini yake, mikono juu, ili aidake isije ikavunjika. Ilikuwa jasho lao la mwaka na nusu. Iligeuka kwa ghafla ikampiga usoni.

Théoneste alipomfikia, rafiki yake alikuwa amepiga magoti, kiganja kimefunika jicho la kushoto, na damu ilipita kati ya vidole. Helisi, ile mbao inayozunguka puani mwa ndege, ilikuwa imevunjika. Kabla hata ya kuuliza kama anaona, Théoneste alimwomba asiseme. Alimwambia waseme ameanguka kwenye mawe, kwa kuwa baba yake, Papa Habarurema, akijua habari ya ule uongo kwa Julien hatamsamehe. Grégoire alikaza meno kwa maumivu, kisha akatikisa kichwa kukubali. Ndege ikafichwa chini ya majani ya sungura.

Kwenye zahanati aliwapokea muuguzi aitwaye Hategekimana, mtu mpole aliyewajua watoto wengi wa Keshero kwa majina. Aliuliza mara mbili kama kweli ni mawe, akimtazama kila mmoja kwa zamu. Kila mmoja alijibu ndiyo. Basi akaosha jicho kama linavyooshwa jicho lililoingiwa na vumbi la mawe, akatia dawa, akafunga kitambaa, akamwambia Mama Thérèse, mama yake Grégoire, kwamba mtoto atapona.

Hakupona. Uvimbe ulipungua, kisha ukarudi. Théoneste alikata majani peke yake, na kila jioni alikwenda kuketi kando ya kitanda cha rafiki yake. Katika wiki ya tatu Grégoire alimwambia kwamba sasa hata jicho la kulia linauma. Mwanga wa mlangoni ulimchoma, na nyuso za watu aliziona kama zimefunikwa moshi.

"Mbona hujawaambia?" Théoneste aliuliza.

"Nilikupa neno langu," Grégoire alijibu, akageukia ukuta.

Jumatano ya wiki hiyo, wakati wa chakula, Habarurema alileta habari kwamba mtoto wa jirani atapelekwa Bukavu kwa meli ya kesho asubuhi, akaonwe na daktari wa macho. Alisema muuguzi amechanganyikiwa, kwa sababu jiwe likikwaruza jicho moja halidhuru la pili. Ameandika barua, lakini hajui aandike ugonjwa gani. Anaogopa mtoto atakuwa kipofu kabisa. Théoneste aliacha chakula chake kikapoa.

Kulipopambazuka alikwenda kwenye vibanda, akafukua ndege. Aliitazama helisi kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Ncha yake ilikuwa imekatika, na hapo palikosekana kijiti chembamba, urefu wake kama ukucha. Alielewa kilipo. Aliingia ndani na kumweleza baba yake yote, kuanzia swali la Julien.

Habarurema hakuwa mtu wa maneno mengi, na asubuhi ile hakumpiga. "Beba hiyo ndege," alisema. "Twende bandarini, na utasema kwa kinywa chako."

Abiria walikuwa wameanza kupanda. Mama Thérèse alikuwa ameketi juu ya mzigo wake, Grégoire pembeni, macho yote mawili yamefungwa kitambaa, na Hategekimana alikuwa akimpa mama barua. Théoneste alisimama mbele yao.

"Mama, hakuanguka," alisema. "Ni ndege hii ilimupiga. Nilimwambia Papa Julien najua kuirusha, na sikujua. Kisha nikamwomba Grégoire adanganye. Kijiti cha helisi kiko ndani ya jicho lake."

Muuguzi aliichukua ndege, akaikagua ile ncha, kisha akaichana bahasha aliyokwisha kuifunga. Aliandika upya akiwa ameegemeza karatasi kwenye gunia la maharage, akaing'oa helisi na kumpa mama akamwonyeshe daktari. Meli ikaondoka. Grégoire alikuwa amegeuza uso upande ilikotoka sauti ya rafiki yake.

Walirudi baada ya siku ishirini na sita. Daktari alikuwa amekikuta kijiti mahali pale palipotajwa kwenye barua ya muuguzi. Jicho la kushoto alilitoa siku ileile, maana lilikuwa limeharibika na lilikuwa likiliharibu la pili. La kulia lilipona. Hategekimana alimwambia Théoneste bila kumficha kwamba kama angejua siku ya kwanza, huenda mtoto angebaki na yote mawili. Julien naye alikuja kwa Mama Thérèse akarudisha pesa yote ya ndege, akasema kwamba alikosa alipowauzia watoto kitu kama kile bila kuongea na wazazi wao.

Siku ya tatu baada ya kurudi, Mama Thérèse alimwita Théoneste. Alimkuta akiambua maharage mlangoni, uso wake umekonda.

"Sikukuita nikupige, mutoto wangu," alisema. "Sitakudanganya kwamba moyo wangu umepoa, haujapoa. Lakini sikiliza. Julien alikuuliza kama unajua kurusha. Kutojua si aibu. Ungesema sijui, angekufundisha na ile ndege ya polepole. Muuguzi alikuuliza kilichotokea. Ungesema kweli, angekitafuta kile kijiti. Mara mbili mutu mukubwa alikuuliza ili akusaidie, na mara mbili ulimufungia mulango. Kweli uliyoisema bandarini imeokoa jicho moja. Ile uliyoificha imechukua lingine. Ukumbuke yote mawili. Sasa ingia, anakungoja na vitabu."

Grégoire alikuwa ameketi dirishani, kitambaa cheupe upande mmoja wa uso. Alikuwa amekosa karibu wiki saba za masomo na mtihani ulikuwa unakaribia. Hakuzungumzia ndege. Alimwonyesha mahali pa kukaa, akamwomba aanze na hesabu, kwa kuwa daktari alikuwa amemkataza kusoma mpaka mwezi uishe.

Théoneste alifungua daftari akasoma kwa sauti, mstari kwa mstari. Alipofika hesabu ya nne aliisoma mara mbili.

"Hii siijui," alisema. "Kesho nitamuuliza mwalimu, kisha nitarudi nikueleze."