Nyaya Mbili Zilizofichwa

Saa mbili asubuhi, kompyuta ya mkononi ilikuwa juu ya friji, chini ya kisanduku cha mtandao ambacho seremala alikuwa amekigongomea ukutani. Mkewe, muuguzi, alisimama mbele ya friji. Saa nne alikuwa na usaili wa kazi kwa video, pamoja na mtihani wa kuandika kwenye kompyuta. Pale juu mtandao ulishika. Kila alipoiteremsha mezani, ulikatika.

"Jana ilikuwa nzima," alimwambia mumewe.

"Hata leo ni nzima, tena safi. Nimeifungua, nimeifuta vumbi, nimeifunga. Hakuna skrubu iliyobaki."

"Kwa hiyo nifanye mtihani juu ya friji?"

"Labda kisanduku kimechoka."

"Simu inashika mpaka bafuni. Usinichoshe, baba watoto."

Akatoka kumwita jirani, fundi simu waliyezoea kumwita Dada Bisibisi.

Dada Bisibisi aliizima kompyuta, akachomoa chaja, akafungua kifuniko cha chini. Kabla ya kugusa kingine, akachomoa plagi ya betri. Kisha akaonyesha kadi ndogo.

"Hii ndiyo inayoshika mtandao. Nyaya zake ziko wapi? Nyembamba mbili, nyeusi na nyeupe."

Seremala alikuna kichwa. "Zile? Zilichomoka, zikawa zinaning'inia. Nikazikunja pembeni, nikazibandika kwa utepe. Kwetu maseremala, msumari ukionekana, kazi haijaisha."

"Shemeji, umeficha antena. Nyaya hizi zinapanda hadi kwenye kioo. Bila hizo kadi ni kiziwi, mpaka uipigie kelele sikioni, kama pale chini ya kisanduku."

Muuguzi alimtazama mumewe, kisha akaitazama saa. Ilikuwa saa tatu na robo.

Dada Bisibisi alibandua utepe polepole. "Nyeusi kwenye alama nyeusi, nyeupe kwenye alama nyeupe. Weka kichwa cha waya sawasawa juu ya tundu lake, ubonyeze wima. Ni kama kifungo cha kubana cha gauni."

Seremala aligeuza bisibisi ili agonge kwa mpini.

"Weka chini," wanawake wakasema pamoja.

Akabonyeza kwa kidole. Ta. Kichwa cha pili kililala upande.

"Usilazimishe, utakivunja. Kinyanyue, anza upya."

Ta.

Wakazilaza nyaya katika mfereji wake, wakarudisha plagi ya betri, wakafunga kifuniko.

Saa nne muuguzi alikuwa ameketi chumbani, mbali na friji, mlango umefungwa. Sura ya mwajiri ilitokea kwenye kioo.

"Tunakuona na kukusikia vizuri," alisema. "Tuanze."