Gatembo Ndani ya Mbangu

Watu huniambia nimsamehe binamu yangu Gatembo kwa kuwa ni marehemu. Simsamehe. Alikuwa mpumbavu akiwa hai, na kufa hakukumwongezea akili.

Siku ile ya sherehe ya mtama ilianza vizuri tu. Akina mama walikuwa wanasonga ugali wa muhogo, nami napasha ngozi ya ngoma yangu kando ya moto. Gatembo alikuwa amewasili juzi yake kutoka mjini Kikwit, na viatu vyake vya kung'aa. Alikula vyetu, akalala kwetu, na kila mtu aliyemsalimu, yeye alimwita mshamba.

Mdogo wake, Mungembe, ndiye aliyekuwa mchezaji wa Mbangu, kile kinyago cha mtu aliyerogwa: nusu ya uso nyeupe, nusu nyeusi, mdomo umekwenda upande. Mungembe mwenyewe ugonjwa ulimpinda mdomo tangu utotoni, na mguu mmoja anauburuta. Alipocheza, hata wazee walitokwa na machozi.

Alipokiinua kinyago akivae, Gatembo akamnyang'anya.

"Cha nini kwako, mdogo wangu? Si sura yake unayo tayari!"

Vijana wawili watatu wakacheka. Mama yao akainamisha kichwa.

Mjomba Gifuza, mtunza vinyago, akasogea. "Kirudishe, mpwa wangu. Hakikukuita."

"Mjomba, hili ni gogo tu. Mjini tungelipikia maharage."

Akakivaa. Akaanza kumwigiza nduguye, anaburuta mguu, anadondosha mate. Nami nikapiga ngoma. Ndiyo, nilipiga, aibu hiyo ni yangu. Mungembe alisimama palepale, mikono mitupu, akitazama.

Baada ya kitambo Mjomba akaninong'oneza, "Acha."

Nikaacha.

Gatembo hakuacha. Hakuna ngoma, hakuna wimbo, mchana kweupe. Vumbi na miguu yake tu. Kiatu kimoja kikachomoka. Akaendelea. Ukucha ukang'oka. Akaendelea.

Alipopita karibu yangu nikasikia sauti ndani ya mti wa kinyago. Ndogo sana.

"Nivueni."

Nikakishika, nikavuta. Hakikutoka. Tukavuta wanaume watatu. Shingo yake ikaalika.

"Taratibu," akanong'ona. "Kimenishika kwa ndani."

Ndipo Mungembe akaja, pole pole, na mguu wake. Akakigusa kwa vidole viwili. Kikatoka kama kofia.

Uso wa Gatembo ulikuwa mzima. Mzima mno. Nyusi hakuna. Kope hakuna. Ndevu hakuna. Ngozi laini kama ya kichanga wa jana.

Mungembe alivua shati lake akamfuta jasho. Unajua yule alisema nini? Aliusukuma mkono wa nduguye.

"Usinishike na mate yako."

Akarudi Kikwit siku hiyohiyo, mguu mmoja peku, bila kumuaga mama yake. Waliomwona huko wanasema hakuota hata unywele mmoja usoni. Mwaka haukuisha wakatuletea jeneza. Aliyechimba kaburi ni Mungembe, peke yake, na hakutaka msaada wa mtu.

Hiyo ni miaka sita sasa. Wiki iliyopita Mjomba Gifuza aliniita kwenye kibanda cha vinyago, akafunga mlango, akakigeuza Mbangu ili nione kwa ndani.

Mahali pa kidevu, mti umeota ndevu.

"Mimi huzinyoa kila mwezi," akasema kwa sauti ya chini. "Tangu siku ile."

"Mbona hukuniambia, Mjomba?"

"Nilidhani zitakoma akizikwa."

Nikazigusa. Zilikuwa na uvuguvugu. Za mwaka huu zimeanza kuingia mvi.