Kondoo Mweusi Alipochelewa

Sogeeni hapa, wajukuu zangu. Wewe unayetafuna karanga, meza kwanza. Nataka nisikie mnavyopumua tu, basi.

Wifi yangu Damari aliletwa na kaka yangu Ignas kutoka Ukerewe, ziwani. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, huku upande wa Ikungi, tulichimba lambo kwa majembe, wanaume kwa wanawake. Mvua ikalijaza. Damari akatucheka.

"Mmejiletea maji na watoto hawajui kuogelea? Mtazika!"

Akaanza kuwafundisha, kiganja chake chini ya migongo yao. "Lala chali. Legea. Pumua."

Mwenyekiti wetu, mzee Mughwai, hakupenda. "Mtu gani anabebwa na maji kama kibuyu? Mchawi huyo." Mwaka uliofuata mvua ikachelewa, akasema Damari ndiye kaifunga. Wakamfungia kwenye ghala la kijiji mpaka tambiko lipite. Mlangoni wakamweka Paskali, mtoto wa kwanza wa Mughwai.

Mchana huohuo Elina, binti wa Damari, alikwenda kuchota maji. Tope likamtelezesha.

Hakuzama. Alilala chali alivyofundishwa, akaelea, akimwita mama yake. Sisi tumejaa ukingoni, hakuna mtu mzima anayejua kuogelea, na watoto walikuwa wamejua kuelea tu.

Damari alisikia. Akapiga mlango. "Shikamoo baba! Nifungulie nimtoe, kisha nifungieni hata mwaka!"

Mughwai, aliyekuwa nje ya ghala, akajibu, "Kwetu aliyeshikwa na maji hatolewi kabla ya kondoo mweusi. Ukimvuta hivihivi, maji yatadai mwingine." Akatuma watu wamtafute kondoo. Paskali akauegemea mlango kwa mgongo, usifunguke.

Kondoo alifika analia. Elina alikuwa ameshanyamaza. Maji yametulia kama hayakugusa mtu.

Walipomfungulia, Damari hakutoa chozi. Alimsogelea Mughwai, akasema polepole, "Na wewe utasubiri, baba."

Kiangazi lambo likakauka, likabaki nyufa. Ndipo Mughwai akaanza kukohoa maji. Mkewe, Dorika, alininong'oneza tukitwanga: "Ngozi anayolalia inalowa. Si mkojo, mwenzangu. Inanuka tope."

Vidole vya Mughwai vikakunjamana kama vya mtu aliyeshinda mtoni. Halafu jua la utosini, nje ya nyumba yake ya tembe, ikasikika sauti ya mtoto. "Lala chali, babu."

Dorika alitoka. Hapakuwa na mtu.

Siku moja Mughwai hakuonekana. Tulimkuta katikati ya lambo. Kavu. Chali. Mikono kaitanua. Tulipomgeuza, maji yakamtoka mdomoni. Yakatoka. Yakatoka. Yakajaza nyufa.

Na vumbi lote lile halikuwa na unyayo. Hata wake.

Paskali alirithi ng'ombe. Dorika akapata shamba la uwele. Tembe nalo likawa la Paskali, na humo ndani ukutani kuna mstari wa tope, kama maji yalisimama hapo. Wanakandika, unarudi, tena umepanda. Mwanzo ulikuwa usawa wa kifundo. Mwaka mstari ulipofika dirishani, Paskali aliwashika wanawe mikono, akaja nao kwa Damari, akapiga magoti.

"Shikamoo mama. Wafundishe. Haraka."

Damari aliwapokea wote, akawafundisha lamboni, mvua zimelijaza tena, mpaka wakaogelea kama bata. Paskali naye akavua shati, aingie majini.

Damari akamwambia, "Wewe rudi nyumbani kwako."