Njia Panda Sabini na Moja

Jumatatu saa nne asubuhi Futi alihesabu njia panda sitini na moja. Saa saba mchana, baada ya kukata kumi na tano kwa mkono wake mwenyewe, alihesabu tena akapata sabini na moja.

Alidhani amekosea. Akaenda jikoni, akanywa maji, akarudi, akahesabu mara ya tatu. Sabini na moja. Na hakuna mtu mwingine aliyekuwa na nywila ya kuingia katika programu ile.

Programu ya kompyuta ni maagizo yaliyoandikwa mstari kwa mstari, na kila penye neno "ikiwa" maagizo hugawanyika: ikiwa mtoto ana uzito huu, pita huku, kama sivyo, pita kule. Kila "ikiwa" ni njia panda. Zikiwa chache, mtu huzifuata kwa kidole. Zikizidi, hata aliyeziandika hupotea humo, na akitengeneza huku anaharibu kule bila kujua. Kazi ya Futi ilikuwa kupima wingi wa njia hizo na kuzipunguza, ili atakayekuja baadaye aweze kuisoma programu na kuirekebisha. Jina la Futi alipewa na kaka yake utotoni, maana alikuwa hapiti mbele ya meza, mlango wala paka bila kuchukua vipimo.

Programu yenyewe aliiandika kaka huyohuyo. Iliendesha pampu za dripu katika wodi ya watoto: muuguzi anaingiza uzito wa mtoto na jina la dawa, programu inaamua matone mangapi kwa saa. Miaka kumi na moja aliitunza peke yake, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mama yao. Kila daktari alipoomba jambo jipya, yeye aliongeza "ikiwa" nyingine juu ya zile za jana. Miezi minane iliyopita moyo ulimsimama akiwa kitini. Mama ndiye aliyemkuta, alipompelekea kikombe cha chai. Futi akarudi nyumbani, akarithi kiti, kompyuta na ule msitu wote.

Jumanne asubuhi muuguzi mkuu, ambaye kila mtu alimwita Sista, alimwita hospitalini. Hakumpeleka ofisini. Alimwingiza kwenye stoo ya mashuka, akafunga mlango.

"Jana mchana pampu ya kitanda cha nne ilitaka kumpa mtoto dozi mara kumi ya inayomfaa," alisema kwa sauti ya chini. "Ana miezi saba. Ni bahati tu nilikuwa nimesimama pale. Nikaizima kwa mkono."

"Saa ngapi, Sista?"

"Saa saba na kitu."

Futi aliegemea rafu. "Nisamehe. Nadhani kuna mahali nimegusa vibaya."

"Labda." Sista alisita, akautazama mlango. "Mwanangu, mimi si mtu wa maneno maneno. Lakini ile pampu ilikuwa inapumua. Najua mlio wa mota, huu haukuwa mlio wa mota. Niliinama nikasikia pumzi, ya mtu aliyepanda ngazi. Na ilinuka dawa ya kuchua. Wodini mwangu hatuna dawa ya kuchua."

Futi aliijua harufu hiyo. Kaka yake alikuwa akijipaka dawa ya kuchua shingoni kila siku ya Mungu, hata mashati yake yakifuliwa mara tatu harufu haitoki.

"Tumeanza kuhesabu dozi kwa mkono," Sista aliendelea. "Nina wauguzi watatu kwa watoto arobaini. Tutaweza siku nne. Ya tano mtu atasinzia, atakosea tarakimu. Tafadhali."

Futi alifika nyumbani saa nane. Jua lilikuwa kali, watoto wa jirani wakicheza mpira ukutani. Alipofungua chumba cha nyuma harufu ilimpokea mlangoni. Alipoketi, kiti kilikuwa na joto, joto la mtu aliyeinuka sasa hivi.

Alifungua programu, akachagua tawi moja linalohusu dawa ambayo hospitali iliacha kuitumia miaka mingi nyuma, akalifuta. Alikuwa bado na kidole juu ya kitufe. Waandishi wa programu huachiana maelezo katikati ya mistari, maneno ambayo kompyuta huyaruka na binadamu huyasoma, na hapo alipofuta palikuwa pamejiandika maelezo mapya, yenye tarehe ya siku hiyo: Usikate hapa, mdogo wangu.

Akafuta maneno yale, yakarudi, akayafuta tena, na safari hii vitufe vyenyewe vilianza kushuka kimoja kimoja mbele ya macho yake bila mkono wa mtu, taratibu, kwa ule mdundo wa kaka yake wa kupiga haraka haraka halafu kutua kama anayewaza, huku "ikiwa" moja ikizaa mbili na mbili zikizaa nne na mistari ikishuka chini ya skrini kama maji yanayovujia ukutani, na pumzi, ile pumzi ya mtu aliyepanda ngazi, ikimjia shingoni kutoka nyuma ambako palikuwa na ukuta tu.

Alitoka mbio mpaka sebuleni. Mama alikuwa anakunja nguo. Alimtazama binti yake, akaweka shati chini.

"Amekuandikia?" aliuliza.

Futi aliitikia kwa kichwa.

"Mimi huzungumza naye ukienda hospitalini," Mama alisema polepole. "Tangu mwezi wa tatu baada ya mazishi. Sikukwambia kwa sababu ungekuja kumpima."

"Mama, yule si kaka."

"Njoo."

Alimshika mkono, mkono mkavu wa mtu mzima, akamrudisha chumbani. Akaketi kwenye kigoda kando ya meza, mahali palipokwisha kuzoea kuketiwa. "Mwanangu," aliita.

"Naam, Mama," ikajibu spika ndogo ya kompyuta, kwa sauti ya kaka yake, na ile kwikwi ndogo ya kicheko aliyokuwa nayo mwanzoni mwa kila neno. Mama alifumba macho, na uso wake ukalainika namna ambayo Futi hakuwa ameiona tangu siku ya msiba. Hicho ndicho kilichomtisha kuliko vitufe.

Siku ya pili alfajiri alikwenda kwa mzee mmoja mtaa wa pili, fundi viatu aliyejulikana pia kwa kuwasomea watu waliopagawa. Mzee alimsikiliza huku anashona soli. Habari za mwanzo zilimpita. Kompyuta hakuwahi kuigusa. Lakini Futi aliposema njia panda, sindano ilisimama.

"Ziko ngapi?"

"Sabini na moja juzi. Leo sijui."

"Na wanaopita humo?"

"Nyingi hazipitwi. Dawa zilishaachwa, mashine zilishabadilishwa. Zimebaki tu."

"Basi hamna mashine humo. Mna gofu," mzee alisema. "Jini hapendi kitu kama njia panda isiyopitwa na mtu, na nyumba ambayo hata mwenyewe hajui vyumba vyake. Alimkuta kaka yako anakata roho pale, akaichukua sauti yake kama unavyookota koti. Anaongeza njia kwa sababu anajenga. Akimaliza kukaa kwenye mashine atataka kukaa kwenye mtu."

"Nenda umtoe, mzee wangu."

"Mimi ningepotea humo. Wewe unapajua." Akarudia kushona. "Anza na njia zisizopitwa, zifunge. Kila kitu kiite kwa jina lake la kweli, maana hawa hujificha kwenye vitu visivyo na jina. Chumba kikubwa kigawe viwe vidogo, kila kimoja na kazi yake. Na kila ukifunga njia, hakikisha wanaopita kwa haki bado wanapita, usije ukamfukuza jini ukaua mtoto. Mtaje Mungu, na huyo jini usimjibu. Akikosa kona, atatoka."

Futi alimwomba Sista mifano mia mbili ya wagonjwa wa kweli, dozi zao zikiwa zimehesabiwa kwa mkono na kuhakikiwa na watu wawili. Alhamisi saa tatu asubuhi akajifungia, akasoma dua aliyofundishwa utotoni, akaanza.

Njia ya kwanza ilipofungwa, alipitisha mifano yote mia mbili. Majibu yakalingana. Ya pili, ya tatu. Zikiota tena, alizifuta tena bila kusoma kilichoandikwa. Zilipopungua hadi hamsini, harufu ikawa nzito hadi macho yakamtoka machozi. Kaka yake alikuwa ameviita vitu vya ndani ya programu majina ya haraka haraka, "muda", "muda mpya", "muda mpya wa pili". Futi akaviita uzito wa mtoto, nguvu ya dawa, matone kwa saa. Kwa kila jina, spika iliguna kama mtu anayeng'olewa mwiba.

"Futi," sauti ilisema. "Nimechoka, mdogo wangu. Niache nipumzike."

Hakujibu. Thelathini na nane.

"Kuna baridi huku nje. Unanitoa niende wapi?"

Ishirini na sita. Mlango ukagongwa.

"Futi, nifungulie," Mama alisema. Hakupaza sauti. "Nifungulie nimuage tu."

Spika ikalia. "Mama, ananitoa."

Mama aliingia kwa ufunguo wa akiba. Hakumshika binti yake wala kompyuta. Alikaa sakafuni, karibu na miguu ya kiti, kama mgeni asiyejua akae wapi.

"Niachie hata moja," alisema. "Moja tu, Futi. Ile isiyopitwa na mtu. Itamdhuru nani?"

Vidole vya Futi vilisimama. Kwa muda huo ambao hakuandika kitu, mistari mitatu iliota.

"Mama, hiyo isiyopitwa ndiyo anayokaa."

"Najua."

"Mtoto wa kitanda cha nne naye ana mama."

Mama aliinamisha uso kwenye magoti. Futi akaendelea huku anamsikia akilia chini ya meza, kilio cha taratibu cha mtu asiyetaka kumsumbua mfanyakazi. Kumi na tisa. Kumi na nne. Ilipofika kumi na moja sauti ya kaka yake ilianza kuchanika, kicheko kikatoka, kisha upole ukatoka, na chini yake kukabaki sauti isiyo ya mwanamume wala mwanamke, kavu, ikirudia "ikiwa, ikiwa, ikiwa," hadi alipofuta tawi la mwisho lisilo na kazi na skrini ikatulia.

Alipitisha mifano mia mbili. Yote ikalingana. Akapima: tisa, na kila moja ingeweza kufuatwa kwa kidole. Chumba kilinuka vumbi tu.

Jioni ile Sista alirudisha pampu kazini. Kesho yake alituma ujumbe mfupi kwamba zote zinakwenda sawa na mtoto wa kitanda cha nne ameruhusiwa kwenda nyumbani.

Mama hakumsemesha Futi siku tatu. Alifagia, alipika, alijibu salamu za majirani, na kila mchana alipita mbele ya chumba cha nyuma bila kugeuza shingo. Siku ya nne Futi alimkuta jikoni, amesimama mbele ya sufuria, mwiko mkononi, hakorogi.

"Nilijua si yeye," Mama alisema, bila kugeuka.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Aliniuliza kama nimekula." Aliweka mwiko chini. "Kaka yako, Mungu amrehemu, nilimzaa na nikampenda. Lakini miaka kumi na moja nimempelekea sahani katika chumba kile, na hakuniuliza hata siku moja kama na mimi nimekula. Alikuwa na kazi nyingi. Yule aliniuliza kila siku."

Futi alifungua mdomo amwulize kama amekula, akakuta swali lenyewe halitamkiki tena katika nyumba ile. Akachukua sahani mbili, akapakua, akamvutia mama yake kiti na kuketi karibu naye. Mama alikitazama chakula, mikono mapajani, mpaka kikapoa.