Pete Iliyotangulia Swali

Kikapu cha Nuala Lehane, msichana wa koti la kijani, kilimgonga Con Twomey magotini, pale sokoni mjini Cork, Jumamosi moja watu wamebanana mbele ya meza za nyama.

"Dada, hayo ni magoti ya mtu," alisema Con, aproni imejaa damu.

"Basi yarudishe nyuma ya meza yako."

Mapenzi yakaanzia hapo. Nuala alikuwa anaunganisha simu za mji, na Con hakuacha kupiga. "Niunganishe na msichana mwenye koti la kijani."

"Ana kazi huyo, mpenzi. Kata." Kisha anacheka mchana kutwa.

Kazi aliipenda. Ila ilikuwa ya serikali, na sheria haikuwa na huruma: mwanamke akiolewa, anaachishwa. Hata hivyo, barua ya kumwita London kusomea uuguzi ilikaa chini ya godoro mwezi mzima, haijajibiwa. Moyo wake ulikuwa unamwelekea Con.

Sasa Con naye, kuna watu siri ya furaha haiwakai mdomoni. Siku moja ya Februari, bosi wa Nuala alipokuja kununua soseji za damu, Con, huku anamfungia, akamwambia, "Tunaoana baada ya Pasaka." Pete alishainunua. Bibi harusi hajaulizwa.

Jumatatu Nuala akakuta notisi ya kuachishwa mezani. Akaenda sokoni moja kwa moja, hata kofia hakuvaa.

"Umemwambia nini bosi wangu?"

"Nilidhani nakupa heshima, kipenzi. Kila mtu anajua tunaoana."

"Kila mtu isipokuwa mimi."

Wiki tatu Con alipiga simu, akapokewa na sauti nyingine.

Alimpata bandarini, asubuhi ya mvua, wamama wameshika rozari wanawalilia mabinti wanaopanda meli ya kwenda ng'ambo. Con alivaa suti ya kanisani.

"Nakuuliza sasa, Nuala. Utakubali nikuoe?"

"Twende wote London. Kule nitaolewa na kazi nitabaki nayo."

Con akatazama chini. "Mama hana mwingine."

"Najua." Akamfunga kifungo cha koti, machozi yanamtoka bila kuyaficha. "Ungeniuliza Februari, ningekubali. Ile barua ya London ningeichoma mwenyewe."

Nuala akanyanyua sanduku, akaenda kupanga foleni na wasichana wenzake.